Pilipili Mbuzi na Pilipili Kichaa: Kutoka Mbegu Hadi Mbegu

Pilipili ya asili haina kampuni inayoitunza. Pilipili mbuzi ambayo harufu yake hutangulia mchuzi mezani, au pilipili kichaa nyembamba iliyosimama wima kichakani, imetufikia kwa sababu kila msimu palikuwa na mtu aliyekataa kula matunda yote, akatenga machache kwa ajili ya mbegu. Watu hao wakiacha, aina yao hupotea hata kama soko limejaa pilipili nyingine. Ndiyo maana mwongozo huu hauishii kwenye mavuno. Mmea unaoulea leo huenda ndio utakaokuwa mama wa mimea ya mwakani, na hilo linabadilisha namna ya kufanya kila hatua.

Unachohitaji ni kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, au ndoo chache za lita 20 uani, mradi mahali hapo panapata jua la saa sita au zaidi kwa siku.

Zifahamu pilipili zenyewe

Pilipili hizi asili yake ni bara la Amerika. Zilivuka bahari baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, na Wareno, waliofika Mombasa na Malindi mwaka 1498, walichangia sana kuzieneza Afrika na Asia. Tangu hapo wakulima wa huku wamezichagua kizazi baada ya kizazi, ndiyo maana leo tunaziita zetu.

Pilipili mbuzi ni ya spishi ya *Capsicum chinense*, ndugu wa habanero ya Meksiko. Tunda lake ni la mviringo lenye mikunjo, na likiiva huwa la njano, la rangi ya chungwa au jekundu. Pilipili kichaa ni *Capsicum frutescens*: tunda dogo jembamba linaloelekea juu na kuiva jekundu. Ya kwanza inapenda joto na haivumilii baridi. Ya pili ni ngumu zaidi, na mti mmoja ukitunzwa huzaa kwa miaka kadhaa. Majina hubadilika kutoka mji hadi mji, kwa hiyo ukiomba mbegu kwa mtu, omba kwanza kuona tunda.

Hatua ya 1: Pata mbegu ya kweli na uijaribu

Chanzo bora ni mmea ulio hai wa mtu unayemfahamu. Muulize ameupanda kwa muda gani, matunda yake huwa sawasawa kila msimu au hubadilika, na karibu yake kuna pilipili gani nyingine. Ukinunua pakiti dukani, soma maandishi yake. Ikiandikwa F1, hiyo ni chotara: itazaa vizuri msimu huu, lakini watoto wake hawatafanana na mama. Kwa anayetaka kutunza mbegu, chotara haifai.

Ukikosa kabisa, nunua sokoni matunda yaliyoiva kabisa na kubadilika rangi. Matunda mabichi ya kijani yana mbegu changa ambazo hazitaota vizuri. Hata hivyo, tunda la sokoni halikuambii baba yake ni nani, hivyo mimea yake ichunguze kwa makini kabla ya kuitegemea.

Kabla ya kusia, jaribu uotaji. Weka mbegu 10 kwenye kitambaa chenye unyevu, kikunje, kitie ndani ya kopo lenye mfuniko na kiweke mahali penye joto. Baada ya wiki tatu, hesabu zilizochipua. Zikiwa 8 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiwa chini ya 8 lakini si chini ya 4, sia mara mbili ya idadi unayohitaji. Zikipungua hapo, tafuta mbegu nyingine.

Hatua ya 2: Hesabu wakati kurudi nyuma

Pilipili kali zinachelewa. Mbegu za mbuzi na kichaa huchukua wiki mbili hadi nne kuchipua, miche hukaa kitaluni wiki nyingine sita hadi nane, na baada ya kupandikizwa huchukua takriban miezi mitatu hadi minne kuanza kutoa matunda yaliyoiva. Basi chagua kwanza siku ya kupandikiza, kisha rudi nyuma wiki kumi.

Pwani, wakati mzuri ni kusia mwishoni mwa Machi au mapema Aprili, chini ya paa ili mvua za masika zisiizamishe miche, kisha kupandikiza Juni mvua zikishapungua. Nafasi ya pili ni kusia Agosti na kupandikiza vuli inapoanza. Nyanda za juu zenye baridi ya Juni na Julai, kama Arusha, Njombe au Limuru, epuka kuwa na miche midogo nje katika miezi hiyo. Sia Julai ndani ya nyumba karibu na jiko, upandikize kuanzia Septemba.

Hatua ya 3: Andaa udongo wa kitalu

Changanya sehemu mbili za udongo mzuri wa juu, sehemu moja ya mboji au samadi iliyooza kabisa, na sehemu moja ya mchanga au makapi ya mpunga. Chekecha ili kuondoa mawe na mabonge. Samadi mbichi usiitumie, kwa sababu huunguza mizizi na kuleta magonjwa.

Adui mkubwa wa hatua hii ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaokata mche shingoni siku chache baada ya kuchipua. Mwagia udongo maji yanayochemka, uache upoe na kupungua unyevu kabla ya kuutumia. Vyombo vioshe kwa sabuni. Trei, makopo ya mtindi na viriba vyote vinafaa, mradi vimetobolewa chini.

Hatua ya 4: Sia mbegu

1. Loweka mbegu katika maji ya uvuguvugu usiku mmoja.
2. Lowanisha udongo kabla ya kusia.
3. Toboa vishimo vyenye kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja, weka mbegu moja au mbili kila kimoja, kisha funika kwa udongo laini. Mbegu iliyozikwa chini sana huchoka kabla haijafika juu.
4. Andika jina la aina na tarehe kwenye kijiti. Miche ya pilipili hufanana mno, na baada ya mwezi kumbukumbu pekee haitoshi.
5. Funika kwa plastiki nyepesi ili unyevu usipotee, uweke chombo mahali penye joto la nyuzi 25 hadi 30. Jua kali la moja kwa moja chini ya plastiki litapika mbegu, basi chagua kivuli chenye joto.

Kagua kila siku. Udongo uwe na unyevu bila kutota. Mche wa kwanza ukichomoza, ondoa plastiki siku hiyohiyo na sogeza chombo kwenye mwanga. Usitupe udongo mapema: mbegu za pilipili mbuzi haziamki siku moja, na nyingine hungoja hadi wiki ya nne au zaidi.

Hatua ya 5: Lea miche

Mwanga ndio chakula cha kwanza cha mche. Ukikosa mwanga hurefuka, hupauka na kuanguka. Upe jua la asubuhi na kivuli chepesi cha mchana, na ugeuze trei kila siku ili shina lisipinde.

Majani mawili ya kwanza, membamba na laini, ni ya mbegu. Yanayofuata ndiyo majani halisi. Mche ukipata majani halisi mawili hadi manne, uhamishie kwenye kiriba chake. Ushike kwa jani, kamwe usiushike kwa shina: jani likikatika lingine litaota, shina likipondeka mche umekufa.

Mwagilia asubuhi, na uache uso wa udongo ukauke kidogo kabla ya kumwagilia tena. Kama miche imepauka baada ya wiki tatu, ipe chai ya samadi: loweka samadi iliyooza kwenye maji kwa siku kadhaa, chuja, kisha ongeza maji mpaka rangi iwe kama chai nyepesi.

Hapa ndipo uteuzi unapoanza. Mche dhaifu, wenye majani yaliyojikunja au yenye mabaka ya njano, ung'oe. Huruma kwa mche mgonjwa huigharimu bustani nzima.

Hatua ya 6: Komaza, kisha pandikiza

Wiki moja kabla ya kupandikiza, zoesha miche jua na upepo. Siku ya kwanza itoe nje saa moja au mbili, halafu ongeza muda kila siku hadi ikeshe nje. Punguza maji, lakini usiiache inyauke.

Mche ulio tayari una kimo cha sentimita 15 hadi 20 na shina gumu. Chagua sehemu ambayo haikupandwa nyanya, bilinganya, nyanya chungu, viazi mviringo, tumbaku wala pilipili kwa misimu miwili au mitatu iliyopita. Mimea hii ni ya ukoo mmoja na hurithishana magonjwa ya udongoni.

Chimba shimo lenye upana na kina cha sentimita 30, uchanganye udongo wa juu na ndoo ndogo ya mboji au samadi iliyooza. Nafasi kati ya mche na mche iwe sentimita 60 kwa pilipili mbuzi, na 75 hadi 90 kwa pilipili kichaa, kwa kuwa kichaa hutanuka. Udongo wa mfinyanzi unyanyue uwe tuta ili maji yasisimame mizizini. Pandikiza jioni, kwa kina kilekile mche ulichokuwa nacho kiribani, na umwagilie palepale. Siku tatu au nne za mwanzo, weka kivuli cha makuti au majani ya mgomba.

Zungushia kila mche pete ya karatasi ngumu au kopo lisilo na kitako, lizame kidogo ardhini. Pete hiyo huzuia sota, yule funza anayekata miche usiku.

Anayepanda kwenye ndoo aweke mche mmoja kwa kila ndoo ya lita 20, na matundu ya kutosha chini yake.

Hatua ya 7: Maji, matandazo na mbolea

Pilipili hutaka maji ya mpangilio. Ukiiacha ikauke kabisa kisha ukaizamisha, maua hudondoka na matunda huoza kitako, kwa sababu mmea unashindwa kusafirisha madini ya chokaa hadi mwisho wa tunda. Bustanini, mwagilia kwa kina mara mbili au tatu kwa wiki. Ndoo wakati wa kiangazi huhitaji maji kila siku. Mwagia shinani, si majani.

Tandaza nyasi kavu au majani makavu kwa unene wa sentimita 5 hadi 8, yasigusane na shina. Matandazo hutunza unyevu, huzuia magugu, na huzuia matone ya mvua kurusha udongo wenye vimelea kwenye majani.

Ongeza mboji kila baada ya wiki nne hadi sita. Usizidishe samadi ya kuku: ina naitrojeni nyingi, na mmea utakupa majani ya kupendeza bila matunda. Majivu ya kuni yatie kidogo tu, konzi moja kwa shimo, na usiyatie kabisa kwenye udongo ambao tayari una magadi.

Hatua ya 8: Maua na matunda

Maua ya kwanza yakitokea mmea ukiwa mdogo, chini ya sentimita 30, yatoe ili nguvu iende kwenye mizizi na matawi. Baadaye usiogope ukiona baadhi yanadondoka. Joto la mchana likipita nyuzi 32, au usiku ukiwa na baridi chini ya nyuzi 15, mmea hupunguza mzigo wake wenyewe, na hali ikitulia huchanua tena. Matawi yaliyolemewa na matunda yafunge kwenye mambo.

Hatua ya 9: Tambua adui kabla ya kupiga dawa

Geuza majani mara mbili kwa wiki uangalie upande wa chini. Wengi wa maadui hukaa huko.

- *Vidukari na nzi weupe* hufyonza utomvu na kusambaza virusi. Wapige kwa maji, au nyunyizia maji ya sabuni ya mche, kijiko kimoja cha sabuni iliyokwanguliwa kwa lita moja, jioni. Dawa ya mbegu za mwarobaini pia husaidia.
- *Utitiri* hufanya majani machanga yawe membamba, magumu na yaliyojikunja kuelekea chini. Kata ncha zilizoathirika, uzichome.
- *Virusi* huacha mabaka ya njano na kijani, na mmea hudumaa. Havina dawa. Ng'oa mmea wote. Anayevuta sigara au kunusa tumbaku anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika miche, kwa sababu virusi vya tumbaku huishambulia pilipili.
- *Mnyauko wa bakteria*: mmea hunyauka ghafla ukiwa bado kijani. Kata kipande cha shina, kiweke kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka ndani ya dakika chache, ni huo. Ng'oa mmea na mizizi yake, na sehemu hiyo usipande jamii ya nyanya kwa miaka kadhaa.
- *Chule* huleta madoa yaliyobonyea kwenye matunda, hasa wakati wa mvua. Toa matunda hayo, upunguze msongamano wa matawi.

Mmea wowote ulioonyesha virusi, mnyauko au chule uondoe kwenye orodha ya mbegu, hata kama matunda yake yanavutia. Baadhi ya magonjwa husafiri ndani ya mbegu au juu ya ganda lake.

Hatua ya 10: Vuna kwa uangalifu

Kwa jikoni, unaweza kuvuna pilipili ya kijani iliyokomaa au kungoja iive. Iliyoiva ina utamu na harufu kamili. Kata kwa mkasi ukiacha kikonyo, kwani kuvuta kunavunja matawi. Ukivuna mara kwa mara, mmea huendelea kuzaa.

Ukali hutengenezwa kwenye utando mweupe unaoshikilia mbegu, na mbegu huwasha kwa kuwa zimeugusa. Vaa glavu unapopasua, na usishike macho. Mikono ikiwasha, ipake mafuta ya kula kwanza, kisha uoshe kwa sabuni, kwa sababu maji peke yake hayaondoi kiwashi hicho. Mdomo ukiungua, maziwa au mtindi hutuliza kuliko maji.

Hatua ya 11: Chagua mama, mkinge, toa mbegu

Wengi hukosea hapa kwa kuchagua tunda kubwa kuliko yote. Chagua *mmea*, usichague tunda. Tembelea bustani yako msimu mzima na ufunge uzi mwekundu kwenye mimea yenye sifa unazozitaka: imezaa vizuri, haikuugua, imevumilia ukame, na matunda yake yana umbo, harufu na ukali wa aina hiyo. Ukiwa na nafasi, chukua mbegu kwa mimea mitano au zaidi, ili uhai wa aina usitegemee mmea mmoja.

Ua la pilipili hujichavusha lenyewe, lakini nyuki huleta chavua kutoka mimea mingine. Pilipili tamu ya jirani haitapunguza ukali wa tunda la mwaka huu. Itakachobadilisha ni mbegu iliyo ndani, na utakuja kujua msimu ujao. Ukipanda aina zaidi ya moja, fanya hivi:

1. Chagua tawi lenye vichomozo vya maua ambavyo havijafunguka. Toa maua yote yaliyokwisha kufunguka na matunda yote.
2. Livalishe mfuko wa kitambaa chepesi cha pazia, uufunge vizuri ili nyuki asipenye.
3. Litikise taratibu kila asubuhi maua yakifunguka.
4. Vitunda vitano au sita vikishajitokeza, ondoa mfuko na ufunge uzi wa rangi kwenye kila kikonyo. Hayo ndiyo matunda ya mbegu.

Yaache yaive kabisa mtini, hata yaanze kulegea. Wahi kuyachuma kabla ndege hawajayafikia; wao hawausikii ukali wa pilipili na huyala bila shida. Baada ya kuyachuma yaweke kivulini siku chache. Pasua, kwangua mbegu, tupa nyeusi na nyembamba, kisha tandaza zilizobaki kwenye sahani ya udongo au ya kauri. Kwenye karatasi zitagandamana. Zikaushe kivulini penye hewa kwa wiki moja hadi mbili ukizigeuza kila siku. Jua kali, bati na jiko huziua. Zipo tayari pale mbegu ikikunjwa inavunjika badala ya kupinda.

Hatua ya 12: Hifadhi, andika, gawa

Tia mbegu kwenye bahasha ya karatasi, na bahasha ndani ya chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana. Chini ya chupa weka vipande vya mkaa mkavu au mchele uliokaangwa bila mafuta na kupoa, ili vinywe unyevu uliobaki. Iweke mahali pa baridi na giza. Zikikaa hivyo huota vizuri kwa miaka miwili hadi mitatu, wakati mwingine zaidi. Pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, jitahidi kupanda upya kila baada ya miaka miwili.

Kwenye bahasha andika jina la aina kama anavyoliita aliyekupa, mahali ilikotoka, mwezi na mwaka wa kuvuna, na sifa moja au mbili: rangi, ukali, ilivyovumilia kiangazi. Mbegu isiyo na maelezo haya hubaki pilipili tu, na mpanzi wa baadaye hatajua anatafuta nini anapochagua mama.

Kisha gawa. Toa mbegu kwa nyumba mbili angalau, moja jirani na nyingine mbali, kwa ndugu wa mkoa mwingine ikiwezekana. Panya wakiingia kabatini mwako, au mnyauko ukishika bustani yako yote, utakuwa na mahali pa kuomba mbegu ileile. Mpokeaji mpe pia maelezo ya kufunga mfuko na kuchagua mama, kwa sababu mbegu peke yake itampa msimu mmoja, na maarifa ndiyo yatakayompa misimu inayofuata.